Nje ya Mlango wa Mkwe

Mitundu,
22 Januari 2023

Baba mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kuku wako na jirani yako mzee Idrissa. Mimi huku sijambo, ila magoti. Kila nikipanda baiskeli yananikumbusha kwamba sielekei ujana.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Nilikupigia Krismasi, ukapokea, ukasema haloo mara nyingi, kisha ukampa Idrissa. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba masikio yako sasa yamefunga kabisa, na kwamba hata yangekuwa wazi usingependa sauti ya mkwe iingie humo. Nilicheka. Baadaye nilipokata simu sikucheka tena. Basi nitakuwa naandika. Kondakta wa basi la Itigi atamwachia barua Rahabu, yule anayeuza mayai ya kuchemsha njia panda ya Mkiwa, na Rahabu ataipakia kwenye gari la kwenu.

Habari kubwa ni kwamba nyumba ya wazee imefungwa. Unajua nimefanya kazi pale tangu kabla Christopher hajanioa. Masista wenyewe wamezeeka, wafadhili wamechoka, wazee wamerudishwa kwa ndugu zao. Parokia imenipa baiskeli na mkoba wa dawa, na sasa nawafuata majumbani. Nawageuza, nawaosha, nasafisha vidonda, nawakata kucha. Kuna bibi mmoja, Yunisi, amepooza upande mmoja. Watoto wake wakienda shamba wanamfungia kwa nje ili mbuzi wasiingie. Nikifika nakuta anaongea na mlango.

Kazi yenyewe siilalamikii. Ni upweke wake tu. Kule nyumba ya wazee tulikuwa wauguzi watatu, na mmoja akifiwa na mgonjwa, wenzake walimpikia chai. Siku hizi akifa mtu narudi chumbani kwangu, napika chai mwenyewe, nainywa mwenyewe. Tangu tumzike Christopher, sasa miaka saba, sina mtu wa kumwambia nimefika salama. Ndiyo maana nakuandikia wewe, kama hutajali.

Nimefika salama.

Mkweo,
Felista


Ihanja,
12 Februari 2023

Kwa mke wa Christopher,

Marahaba. Barua imefika, inanukia mayai ya Rahabu. Mimi ni mzima kabisa.

Mvua ilikatika, ikarudi. Alizeti ya bondeni imesimama vizuri, ya huku juu inasuasua. Jana nilizunguka shamba lote kwa miguu, nikakuta mbuzi wa Idrissa wamejikaribisha kwenye mtama wangu. Nimemwambia mbuzi wake hawana dini yoyote, si yake wala yangu. Akanijibu kwa kupiga kelele ili nisikie, na kijiji kizima kikasikia isipokuwa mimi, ninayesoma midomo na mikono yake. Kaburi la Christopher nimelipalilia, na la mama yake, Martha, pia. Mwarobaini ulioupanda wewe sasa unatoa kivuli cha mtu mmoja kukaa.

Kuhusu simu, alilosema Idrissa ni kweli. Zamani ukimwona mkwe anakuja, unapita vichakani ili asikukute njiani. Leo wametengeneza kitu kinachomweka mkwe ndani ya sikio lako. Barua ina adabu zaidi. Mtu anaisoma peke yake, na akiona haya anaikunja.

Usiache kuandika. Nimekuwa katekista miaka mingi, nimesomea watu barua za Mtume Paulo hadi nimezijua kwa moyo, lakini barua iliyoandikwa kwangu mimi ni hii yako tu.

Mkweo,
Antipasi


Ihanja,
16 Aprili 2023

Kwa mke wa Christopher,

Salamu za Pasaka. Mimi ni mzima, sina neno. Idrissa pia mzima na anakusalimu.

Huku hakuna jipya. Juu ya chumba changu ile mbao ya katikati imeliwa na mchwa, nadhani itadumu kuliko mimi. Kuna buibui amejenga pembeni, fundi mzuri sana. Bati lina tundu la msumari, na jua likipanda kinaingia kijimwanga kinatua kwenye picha ya Martha ukutani, kisha kinashuka polepole mpaka sakafuni. Kuku wamezoea kuja kunitembelea humu ndani. Jogoo akipanda juu ya sanduku tunatazamana.

Mwandiko usikushangaze, kalamu inavuja. Mungu akulinde.

Mkweo,
Antipasi


Mitundu,
30 Aprili 2023

Baba mkwe,

Shikamoo. Huku wote hatujambo.

Barua ya Februari ulinitembeza shamba lote mpaka makaburini. Hii ya Pasaka umenitembeza dari. Najua mbao iliyoliwa na mchwa, namjua buibui, najua kijimwanga kinapotua asubuhi na kinapoishia jioni. Baba, mimi nimeishi na wagonjwa wa kitandani tangu nikiwa msichana. Mtu anayeijua dari yake namna hiyo hajaamka. Na kalamu haivuji. Mwandiko umelala kwa sababu aliyeuandika amelala.

Niambie umeanguka lini, na nani anakugeuza. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mkweo,
Felista


Ihanja,
14 Mei 2023

Kwa mke wa Christopher,

Marahaba. Methali hiyo naijua, niliwafundisha watoto kipaimara kwa kutumia hiyo hiyo.

Nilianguka Jumatano kabla ya Alhamisi Kuu, kwenye tope la mlango wa zizi. Nyonga imevunjika. Walinipeleka hospitali, wakapiga picha, wakaongea wao kwa wao. Walitaka kunilaza nikakataa, nikasema kama ni kulala nina kitanda changu. Usimlaumu mtu, mkaidi ni mimi.

Idrissa anakuja asubuhi na jioni. Mke wa Anselm, yule mkubwa wa ukoo wetu, analeta uji na kuuweka mlangoni. Idrissa ananisaidia mambo ya haja. Ana mikono ya mchunga ng'ombe, na mimi ananishika kama ndama aliyekwama. Mgongo unawaka kidogo.

Usije. Nasema hivi kwa wema. Wewe ni muuguzi, ukija utataka kufunua, nami siwezi kufunuliwa na mke wa mwanangu. Bora maumivu haya, ninayajua.

Mkweo,
Antipasi


Mitundu,
4 Juni 2023

Baba mkwe,

Shikamoo. Nimefika salama.

Nimekaa na karatasi hii tangu nitoke kanisani. Sijui niandike kama mkwe au kama muuguzi, maana wote wawili umewafukuza. Nilibadilisha magari mawili kuja kwako. Nilipoingia mlangoni ulijivuta blanketi mpaka kichwani, ukakaa hivyo, wala hukutaka kupumua vizuri mpaka nikatoka. Idrissa akaniambia kwa upole nisikasirike. Nililala jikoni siku mbili, nikakupikia maharage, Idrissa akakuingizia. Sikukuona hata uso. Lakini harufu niliisikia toka uani, na harufu hiyo naijua. Una vidonda vya kulala, baba, na vimeanza kuoza.

Nimewaosha wanaume wazee wasiohesabika. Wengine walikuwa watemi wa nyumba zao, wengine walinitukana siku ya kwanza na kunibariki ya mwisho. Hakuna aliyekufa kwa aibu. Wamekufa kwa vidonda. Sasa mzee mmoja tu ninayemwita baba ndiye anayenifungia, na kesho asubuhi nitapanda baiskeli kwenda kuosha baba za watu. Inauma.

Nimefikiri njia moja. Mjane akirudishwa kwao, ukwe unakatika. Mwite Anselm, useme mbele yake kwamba mke wa Christopher si wenu tena. Sitadai kitu. Siku hiyo hiyo nitaingia na beseni langu kama muuguzi yeyote wa parokia, na wewe hutakuwa na mkwe wa kumwonea haya.

Nifungue, baba, nikutibu.

Mkweo,
Felista


Ihanja,
25 Juni 2023

Kwa Felista,

Marahaba. Upepo wa kipupwe umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye kalamu. Natumaini huko unajifunika.

Barua yako nimeiweka chini ya mto karibu wiki tatu. Idrissa aliniuliza ina habari gani, nikasema habari za hali ya hewa.

Kila jioni nasali kwa majina. Martha, marehemu. Christopher, marehemu. Halafu nasema Felista, na hapo ndipo nahama kutoka kwa wafu kuja kwa walio hai. Ni jina moja tu upande huo. Nikisema mbele ya Anselm kwamba si wetu, jioni yake nitaombea makaburi matupu.

Ulikuwa na haki ya kuondoka siku nyingi. Walipokuja watu wa kijiji cha Puma kukuulizia uchumba ulikataa, na mimi nilifurahi kimyakimya, jambo ambalo halikuwa la kikristo. Ukitaka kuondoka kwa ajili ya maisha yako, nitasimama hata kwa nyonga iliyovunjika nikubariki. Kwa ajili ya mgongo wangu, sikubali. Afadhali nife nina mkwe kuliko nipone sina mtu.

Usiombe tena jambo hilo.

Mkweo,
Antipasi


Mitundu,
2 Julai 2023

Baba mkwe,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea njiani, nimesimama na baiskeli, watu wakipita wananitazama. Nilikuwa naogopa ungekubali. Sikujua naogopa kiasi gani mpaka nilipoona umekataa.

Basi tufanye hivi. Mikono ya Idrissa itakuwa mikono yangu. Najua hasomi, kwa hiyo utamsomea wewe, neno kwa neno, usiongeze chumvi isipokuwa ile ya kwenye maji.

Mzee Idrissa, shikamoo. Chemsha maji, utie chumvi kiasi cha kijiko kwa lita, yapoe mpaka mkono wako uyavumilie. Nawa kwanza wewe. Mgeuze baba ubavu, usimburute, maana ngozi yake sasa ni laini kama maini. Mtu mmoja akishindwa mwite mwingine. Msafishe visigino na viwiko kwa kitambaa safi, ukaushe kwa kugusagusa, usisugue. Usiweke majivu, usiweke mafuta ya alizeti, usiweke dawa ya mifugo hata kama ng'ombe wako walipona. Sehemu mbaya kuliko zote ni mwisho wa uti wa mgongo, pale makalio yanapogawanyika. Hapo ndipo mwili wote unapolalia. Paangalie kila siku, paoshe, uweke kitambaa nilichotuma, na asilale chali kabisa. Mgeuze upande huu, baada ya muda upande ule, mchana kutwa, na mto chini ya miguu ili visigino vining'inie. Ale mayai. Kuku anao, asiwaonee huruma.

Ahsante, mzee wangu.

Baba, umsomee yote.

Mkweo,
Felista


Ihanja,
23 Julai 2023

Kwa Felista,

Marahaba. Leo nacheka, kwa hiyo nakuandikia nikiwa nacheka.

Hujawahi kuona hospitali kama hii. Mgonjwa ndiye anayesoma dawa yake, na muuguzi ndiye anayebishana. Nikisema maji yapoe, Idrissa anasema yamepoa. Nikisema anawe, anauliza kama nadhani Waislamu hawanawi. Ule mstari wa dawa ya mifugo ulimchoma, alikuwa ameshaileta, iko mfukoni. Ananipigia kelele, namsomea tena, anatikisa kichwa, halafu anafanya vilevile ulivyosema. Mikono yake imejifunza. Siku hizi ananishika kama yai.

Visigino vimekauka. Kiwiko cha kushoto kimefunga. Nimekula jogoo aliyekuwa ananitazama, nikamkumbuka siku nzima.

Jioni akimaliza anakaa mlangoni na bakora yake, hatuongei maana haina maana kuongea na kiziwi. Anakaa tu mpaka wito wa magharibi, ambao mimi naujua kwa kumwona akisimama. Kisha chumba kinakuwa kikubwa sana.

Mkweo,
Antipasi


Mitundu,
13 Agosti 2023

Baba mkwe,

Shikamoo.

Leo sina salamu ndefu. Jana nilimpigia simu Idrissa, kwa kuwa masikio yake hayana ukwe nami. Nikamwuliza kile kidonda cha mwisho wa mgongo kimefikia wapi. Akaniuliza kidonda kipi. Nikamweleza, nikamwambia ndiyo sehemu niliyoiandika kwa urefu kuliko zote. Halafu akasema, "Mwanangu, hayo hayakusomwa."

Ulimsomea visigino. Ulimsomea viwiko. Ulipofika kwenye neno la makalio ukaliruka, ukaendelea na mto wa miguu. Najua kwa nini, huna haja ya kunieleza. Neno hilo lilikuwa limeandikwa na mkwe, na lilikuwa juu ya uchi wako, ukashindwa kulitamka mbele ya mwanamume mwenzako. Uliniambia mwenyewe kwamba mtu akiona haya anaikunja barua.

Jana Idrissa alikugeuza akatazama. Ameniambia alichokiona. Ameniambia kidole kinaingia. Na ngozi yako ina moto.

Nimekasirika, baba. Nimekasirika kama mtoto anavyomkasirikia mzazi anayetaka kumwacha. Nimemwomba padri likizo, Yunisi nimemkabidhi kwa mtu. Nakuja na dawa za kutosha. Usihangaike na blanketi, siingii ndani. Nitakaa nje ya mlango nimekupa mgongo, na kila nitakalosema nitamwambia Idrissa kwa mdomo wangu. Wewe husikii. Hakuna neno litakalokufikia.

Nafika Jumatano.

Mkweo,
Felista


Ihanja,
17 Septemba 2023

Kwa Felista,

Marahaba. Umeondoka juzi na uani kumekuwa wazi mno. Kile kigoda chako bado kiko nje ya mlango, nimemkataza Idrissa asikiondoe.

Nataka kukuambia nilichokiona, maana wewe ulikuwa unatazama barabarani. Niliona mgongo wako na kitambaa chako cha kijani. Idrissa alikuwa anasogea mlangoni, anainamisha sikio, anarudi kwangu na mkasi mdogo, anakwenda tena. Kuna wakati alisita, nikaona mkono wako umeinuka hewani unamwonyesha jinsi ya kukata nyama iliyokufa, polepole, hivi, bila kugeuka. Niliumia nikauma shuka. Mabega yako yakatetemeka. Hukugeuka hata wakati huo. Neno hata moja halikunifikia. Kwa mara ya kwanza nimemshukuru Mungu kwa uziwi.

Nikakumbuka Martha. Alipokuwa anakufa wewe ndiye uliyemwosha, ni mwanamke mwenzako, hapakuwa na kizuizi. Mimi nilikaa palepale ulipokaa wewe, nimegeuzia mlango mgongo, nikisikia maji yanadondoka kwenye beseni. Ile sauti ya maji nilidhani itaniua. Mtu aliye nje anaumwa na kile asichokiona. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo.

Homa imekwisha. Idrissa anasema shimo linajaa kutoka chini, kama ulivyotabiri, na nyama yake ni nyekundu. Aliniambia kwa ishara kwamba mficha uchi hazai. Nikamwambia mimi nimeshazaa na nimeshazika.

Yeye anakohoa sana siku hizi. Vumbi.

Mkweo,
Antipasi


Mitundu,
22 Oktoba 2023

Baba mkwe,

Shikamoo. Ni mwezi sasa sijapata barua, na simu ya Idrissa haipatikani. Rahabu anasema hakuna aliyepita na kitu cha kwangu. Labda umechoka kuandika. Labda barua iko mfukoni mwa kondakta mlevi.

Bibi Yunisi amefariki. Nilikuta mlango umefungwa kwa nje kama kawaida, nikagonga kumjulisha kwamba nimekuja, hakujibu. Nilimwosha peke yangu kabla watoto hawajarudi shamba. Halafu nikaja kupika chai.

Nilikuwa namfikiria yeye, nikawa nakufikiria wewe. Kama mtu yeyote anakushikia karatasi hii, au unaisoma mwenyewe, nijibu hata kwa neno moja.

Mkweo,
Felista


Ihanja,
29 Oktoba 2023

Kwa mwanangu Felista,

Marahaba. Bibi Yunisi apumzike kwa amani. Barua yako ameileta Anselm, na hii nitampa yeye. Naandika kidogokidogo, usihesabu siku ndani yake.

Idrissa hayupo. Asubuhi moja hakuja. Nilimsubiri, nikamkasirikia, nikasema ameona ng'ombe ni bora kuliko mimi. Jua lilipopanda niliona kupitia mlango wazi miguu ya watu inapita barabarani, mingi, inakwenda haraka kama Waislamu wanavyokwenda na jeneza. Hakuna aliyeingia kuniambia. Walidhani mwingine ameshaniambia. Nilihesabu viatu nikitafuta vyake, mpaka nikaelewa kwa nini havimo. Rafiki yangu amepita mbele ya mlango wangu na sikuweza hata kuinuka kitandani.

Mke wa Anselm bado anaweka uji. Kijana wao mmoja ananigeuza jioni akikumbuka. Kidonda kimeanza kunuka tena. Kigoda chako kiko palepale nje, kitupu, nami nakitazama kutwa. Dari nimeiacha.

Jumapili nilimwita Anselm. Nilimwandikia kwenye karatasi ili asinipigie kelele, nikasema nataka mke wa Christopher awe mwanangu wa kumzaa, siyo wa kuolewa, na ukwe uondoke bila yeye kuondoka. Anselm akaandika chini yake kwamba jambo hilo halijawahi kufanyika katika ukoo huu. Nikaandika kwamba na mimi sijawahi kuoza mgongo. Akafikiri sana. Akaita wazee wengine wawili, wakatoka nje wakaongea karibu na kigoda chako, wakarudi, wakataka mbuzi. Nilikuwa na mmoja, yule ambaye Idrissa aliniachia kulipia mtama wangu. Wamemla. Mila imeshiba, imenyamaza. Anselm amewaambia watu wote, hata mkewe anakuita wifi yake.

Bado naona haya. Haya hailiwi na mbuzi. Lakini nimefikiri kwamba Martha alikuwa na mtu ndani, na Christopher alifia mikononi mwako, na mimi ndiye peke yangu niliyebaki ninakufa nikitazama mgongo wa mtu anayenipenda.

Hii barua usiijibu. Ukifika usikae kwenye kigoda. Mlango hauna komeo.

Baba yako,
Antipasi


Ihanja,
4 Novemba 2023

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa herufi kubwa kwa kuwa husikii na miwani yako imejaa vumbi. Nitaifuta baadaye. Natumaini u mzima, kadiri ninavyokuona.

Mimi ndiye niliyesimama hapa mlangoni, sasa nimeingia ndani. Nimefika salama.

Maji yamechemka na yamepoa, chumvi nimeweka. Nimenawa. Nitakugeuza uangalie ukuta, upande wa picha ya mama. Nitakufunika kote, nitafunua mahali ninapoosha tu. Nitaanza na pale ulipoparuka kwenye barua. Ukitaka nisimame, gonga kitanda mara moja nitasimama. Ukitaka kulia, lia, mimi nimezoea, na leo nitalia na wewe.

Ukishamaliza kusoma nirudishie karatasi hii, nipe na mkono wako.

Mwanao,
Felista